Binti Unayemwachia Mtoto, Umemfundisha Nini?

Ilikuwa siku ya Jumanne, mwaka 2012, yapata saa nne asubuhi. Nilikuwa zamu katika wodi ya wazazi nilipoitwa haraka kwamba mtoto wangu wa kiume ameletwa mapokezi. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Nilimkuta mikononi mwa dada wa kazi, amelegea, anapumua kwa shida, na nguo zake zote zinanuka mafuta ya taa. Binti mwenyewe alikuwa pekupeku. Alikuwa amekimbia kutoka nyumbani kwetu Kambarage mpaka barabarani, akapanda baiskeli ya abiria bila hata senti moja mkononi, na mwendesha baiskeli alikuwa bado amesimama mlangoni akisubiri nauli yake.

Mtoto alikuwa ameokota chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa chini ya meza ya jikoni. Ndani yake hamkuwa na maji. Binti alipogundua, alifanya lile alilolijua kutoka kijijini kwao: alimnywesha maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Mtoto alitapika sana, na binti akaamini kwamba amemwokoa. Kumbe mafuta ya taa hudhuru zaidi yanapopanda tena na kuingia katika mapafu kuliko yanapokaa tumboni. Mwanangu alipata homa ya mapafu. Tulilala wodini siku sita.

Siku ile nilimfokea binti yule mbele ya watu wote waliokuwa mapokezi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Jioni mume wangu alimkatia tiketi akarudi kwao, Kishapu.

Usiku wa tatu, muuguzi mmoja mzee ambaye sasa amestaafu alikuja kukaa nami kando ya kitanda. Aliniuliza, “Mwanangu, binti yule alipofika kwako ulimwonyesha nini?” Nikamjibu kwamba nilimwonyesha mahali pa kuweka unga, jinsi baba anavyopenda mashati yake yanyooshwe, na sufuria ipi ni ya maziwa tu. “Na mtoto?” akauliza. Nilinyamaza. Akaendelea, “Na ile chupa, ni nani aliyeijaza mafuta ya taa?”

Ni mimi. Umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, nikanunua mafuta ya chemli dukani, nikayatia katika chupa ya maji kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, nikaiweka chini ya meza. Mimi ambaye kila Jumatatu nilisimama kliniki nikiwafundisha akina mama wengine!

Tunawakabidhi watoto bila kuwakabidhi maarifa

Mpendwa msomaji, nimeeleza aibu yangu kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tunaondoka alfajiri. Yupo mwalimu, yupo muuza nguo sokoni, yupo anayekwenda machimboni Geita au Kahama kuuza chakula na kurudi usiku wa manane. Mama aliyeajiriwa hupewa na sheria likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto wa siku 84 bado hata kukaa hajui, naye huachwa na binti tuliyemfahamu kwa wiki mbili. Tunampa maelekezo marefu kuhusu pasi na sabuni, lakini kuhusu mtoto tunamwambia maneno mawili tu, “Umwangalie mtoto.” Kuangalia namna gani? Tunadhani kila msichana anajua kulea kwa sababu alibeba wadogo zake mgongoni. Ni kweli, mabinti wetu wa Kisukuma hubeba wadogo zao tangu wakiwa wadogo wenyewe. Lakini kule kijijini bibi alikuwa uani, shangazi alikuwa jirani, na mtoto akilia watu watano walisikia. Hapa mjini amefungiwa ndani ya geti na mtoto, mtungi wa gesi, ndoo za maji, na dawa za panya zilizofichwa mahali asipopajua.

Huko Marekani, Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo kwa vijana wa kuanzia miaka 11 wanaowaangalia watoto wa jirani kwa saa chache, wazazi wakiwa wametoka. Hufundishwa kulisha, kubadili nepi, na la kufanya mtoto akipaliwa au akiungua. Wao hukaa na mtoto saa tatu au nne tu. Binti wetu hukaa naye saa kumi na mbili, siku sita za juma, na hakuna aliyemwonyesha hata jinsi ya kumpiga mgongoni mtoto aliyepaliwa na karanga.

Mwanangu alipopona nilikwenda Kishapu kumwomba radhi yule binti. Sikumkuta. Mama yake alinikaribisha vizuri mno, akanipa na michembe ya kupeleka nyumbani, akaniambia binti ameshapata kazi nyingine Katoro, kulea mtoto mchanga. Niliacha mshahara wake na ujumbe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza kama mama yule wa Katoro amemwonyesha chochote. Kutokana na safari hiyo, sisi wauguzi watatu wa kanisani kwetu tulianza kukutana na mabinti wa kazi Jumamosi moja kila mwezi baada ya chakula cha mchana. Haya ninayoyaandika ndiyo tunayowafundisha, na mengine ni wao waliotufundisha sisi.

Kwanza, ni binti gani?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto ambaye hajafikisha miaka 14. Aliye kati ya umri huo na miaka 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo, na haruhusiwi kufanya kazi usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo dada mwenzangu, ukimwamsha binti wa miaka 15 saa nane za usiku abembeleze mtoto ili wewe ulale, si suala la huruma tu. Umevunja sheria.

Mimi nasema zaidi ya sheria. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka aachwe na mtu mzima, wa miaka 18 na kuendelea. Binti wa miaka 14 mahali pake ni darasani, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Najua wapo watakaosema kwamba huyo wa miaka 14 ndiye anayepatikana kwa bei nafuu. Basi tusishangae akiacha mtoto kwenye beseni na kwenda kuruka kamba na watoto wenzake. Amefanya kama umri wake ulivyo.

Usimchukue binti kwa simu kutoka kwa dalali wa stendi. Zungumza na mzazi wake, ujue kijiji chake, na mwulize mwenyewe kama anakuja kwa hiari yake. Kisha mpeleke kituo cha afya akapimwe, ikiwa ni pamoja na kifua kikuu. Si kwa kumdharau. Akiwa mgonjwa atibiwe, naye ajue kwamba katika nyumba hii afya yake ni jambo la maana.

Wiki ya kwanza usiende popote

Ukiweza, chukua siku zako za likizo. Ukiwa mfanyabiashara, mwombe mwenzako akuuzie. Siku mbili za kwanza binti akuangalie wewe unavyomlea mtoto, siku zinazofuata wewe umwangalie yeye. Mwache amwogeshe mbele yako, na uone kama anapima maji kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto, na kama anatangulia kuweka maji ya baridi kwenye beseni, ndipo ya moto. Mwache amlishe. Usimkatize kila dakika.

Zungukeni nyumba pamoja mkiwa mmeinama kimo cha mtoto anayetambaa. Mabinti wetu huchekaga sana tunapofanya hivi ukumbini, lakini ndipo mtu anapoona waya wa pasi unaoning'inia, betri iliyoanguka chini ya kochi, sindano, na jiko la mkaa lililowekwa mlangoni. Ndoo yenye maji ya kina cha shubiri moja inatosha kumzamisha mtoto wa mwaka mmoja, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujinyanyua. Ndoo zifunikwe. Kisima kifunikwe. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani alipolala mtoto, hata wakati wa baridi ya Juni, kwani hewa yake huua bila harufu.

Mafuta ya taa, dawa ya panya, Jiki na dawa za mifugo hazitiwi kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Na binti ajue hivi: mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya kula. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na ile chupa, hata kama anaonekana mzima.

Kwa akina mama wa huku kwenye dhahabu nina neno la pekee. Wapo akina baba wanaorudi na zebaki kwenye kichupa na kuchomea dhahabu jikoni, juu ya jiko lile lile la uji. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini huingia kwenye mapafu na kuharibu ubongo na figo, na mtoto mdogo na mimba iliyo tumboni ndio huumia zaidi. Minamata, mji wa Japani, ulijulikana duniani kote baada ya watu kula samaki wenye zebaki, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 unaobeba jina la mji huo unazitaka nchi kukomesha uchomaji huo katika makazi ya watu. Binti akiona kichupa cha kitu kizito kinachong'aa kama fedha asikiguse, asimpe mtoto achezee vile vitone vinavyokimbiakimbia sakafuni. Amtoe mtoto nje, afungue madirisha, akuite. Na wewe mama umwambie baba, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba jikoni kwako hapachomewi dhahabu.

Kunyonyesha unapokuwa kazini

Mtoto wa miezi miwili akilia, binti hudhani ana njaa, na chakula anachokijua ni uji. Humpa maji ya sukari, kisha uji mwepesi, na mama hajui mpaka mtoto anapoanza kuharisha. Usimlaumu kama hukumweleza kwamba mpaka miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji hapana.

Kamua maziwa asubuhi katika kikombe kilichooshwa kwa maji ya moto, ukifunike, ukiweke mahali pa baridi. Kwa joto letu la Shinyanga yatumike ndani ya saa nne, yakibaki yamwagwe. Mwonyeshe binti kumpa mtoto kwa kikombe kidogo, taratibu, mtoto akiwa amekaa wima mapajani. Chupa za chuchu ni vigumu kuzisafisha ipasavyo, na nimezikuta nyingi zina utando ndani. Aidha, ukiwa umeajiriwa, sheria inakupa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Wengi hatuuombi. Omba.

Jambo jingine tunaloulizwa na mabinti kwa kunong'ona ni la dawa za usingizi. Binti mmoja alitueleza kwamba katika nyumba aliyotoka, mama mwenyewe alimfundisha kumpa mtoto Piriton kila saa sita mchana ili alale kazi zifanyike. Ile ni dawa ya mzio. Ikitolewa ovyo kwa mtoto mchanga inaweza kumpunguzia pumzi. Funga dawa zako kabatini, na kazi za ndani zikiwa nyingi kiasi kwamba hazifanyiki mtoto akiwa macho, punguza kazi. Mtoto asiongezewe usingizi.

Mikono ijifunze, si masikio tu

Mambo mengine huelezwa yakaeleweka. Kupaliwa hakuelezwi. Ni lazima mikono ifanye. Tuna mdoli mmoja wa plastiki, tunapokezana.

Katika mkoa wetu kuna karanga, bisi, matobolwa magumu, na kokwa za ubuyu. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala asile akikimbia. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu na kulia, mwache akohoe, usimpige wala usimnyweshe maji. Ikiwa kikohozi hakitoki sauti, hawezi kulia, na midomo inaanza kuwa ya bluu, hapo hakuna muda wa kumpigia mama simu.

Mtoto ambaye hajafikisha mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kiwiliwili, umeshika taya lake. Mpige mara tano kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisha mgeuze chali, na kwa vidole viwili ukandamize mara tano katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia mpaka kitu kitoke. Aliyezidi mwaka mmoja, mwinamishe mbele umpige mgongoni vivyo hivyo mara tano. Kisitoke, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na kifua, ishike kwa mkono wa pili na uvute kwa ndani na kwenda juu, mara tano. Rudia. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, piga yowe watu waje, mlaze chini, na uanze kukandamiza katikati ya kifua chake huku akipelekwa hospitali.

Mabinti hufanya haya mara nne, mara tano, mpaka wanaacha kucheka. Nawasihi na ninyi akina mama mjifunze. Mara ya kwanza nilipowaalika akina mama, wengi wao walimshika mdoli vibaya kuliko mabinti zao.

Kuungua nako hutaka mikono iliyozoea. Uji au maji ya moto yakimmwagikia, maji ya kawaida yamwagwe juu ya jeraha kwa dakika ishirini nzima. Bomba likiwa limekauka, kata na ndoo zinatosha. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta na udongo visipakwe. Sisi wauguzi hulazimika kuvibandua baadaye mtoto akilia kwa uchungu. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, mtoto apelekwe.

Degedege ndilo linaloogopwa kuliko yote huku kwetu. Bado nimewaona watoto walioletwa wakinuka moshi wa kinyesi cha tembo. Mtoto akishikwa, alazwe ubavu mahali pasipo na kitu cha kumwumiza, asitiwe kijiko mdomoni, asikandamizwe, asifukizwe chochote, na apelekwe kituo cha afya hapo hapo. Mara nyingi ni homa, na homa nyingi zetu ni malaria inayotibika vizuri ikiwahiwa.

Kuhusu kuharisha nitakuwa mfupi, maana hospitali hatuchoki kulisema: pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi, kijiko kwa kijiko, ziwa la mama liendelee, na mtoto apelekwe kupata vidonge vya zinki. Binti ajue tu pakiti zinawekwa wapi na lita moja ni kiasi gani. Weka chupa ya lita moja pale pale.

“Uliniambia nisitoke”

Siku moja aliletwa kwetu mtoto wa miezi tisa akiwa hajitambui. Homa ilikuwa imemwanza saa mbili asubuhi. Mama alikuwa amekwenda Bulyanhulu kufuata deni, simu haipatikani. Binti aliketi naye sebuleni mpaka saa kumi na moja jioni mama aliporudi. Nilipomwuliza kwa nini hakumleta mapema au kumwita jirani, alimtazama mama yule akasema, “Mama, uliniambia nisitoke wala nisifungulie mtu geti.” Alikuwa mtiifu. Mtoto yule alipona, lakini alirudi nyumbani na mkono na mguu wa upande mmoja usio na nguvu.

Tangu siku hiyo tunawaambia akina mama watoe ruhusa kabla ya shida. Mwambie binti, mbele ya baba na mbele ya jirani mmoja, kwamba mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa degedege, akilegea asiamke vizuri, au akihema kwa shida, atoke aende hospitali bila kuuliza mtu. Mwonyeshe njia, mfike pamoja mpaka kwenye mlango wa kituo. Weka nauli ya bodaboda katika kopo, pamoja na kadi ya kliniki na kadi ya bima kama mnayo, mahali anapopafikia. Namba za simu ziandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa: yako, ya baba, ya jirani. Kama hajui kusoma, chora picha kando ya kila namba. Na awe na simu yenye salio, hata iwe ya kitochi.

Yaya aliyekimbia

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4, kuna habari ya Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka mitano zilipofika habari kwamba baba yake na babu yake wameuawa vitani. Yaya wake alimchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto alianguka akawa kiwete. Nilisoma habari hiyo miaka mingi nikimfikiria mtoto tu. Sasa namfikiria yaya. Hakuwa mkatili wala mzembe, alikuwa anaogopa. Biblia haitaji hata jina lake.

Binti anayeogopa huangusha, na akiangusha huficha. Umemchapa kwa sababu ya kikombe. Je, atakuambia kwamba mtoto ameanguka kitandani akagonga kichwa? Atamfuta machozi, atamlaza, na wewe utamkuta usiku anatapika usijue kwa nini. Mwambie wazi, na utimize: “Ukiniambia kweli juu ya mtoto, sitakufokea wala sitakukata mshahara.” Utimize hata siku ambayo moyo unachemka. Nami nasema haya nikijua nilivyofanya pale mapokezi.

Uchovu nao huangusha. Binti aliyelala saa sita usiku akaamka saa kumi alfajiri, saa saba mchana atasinzia na mtoto ataingia uani peke yake. Ale chakula mnachokula, alale vya kutosha, apate siku yake ya mapumziko, na alipwe mwisho wa mwezi mkononi mwake, bila hadithi.

Kuna Jumamosi moja binti mmoja alisubiri wenzake watoke ndipo akauliza, “Mama, na mwenye nyumba akigonga mlango wangu usiku, nifanyeje?” Hatukuwa tumeliandaa somo hilo. Sasa tunalo. Chumba chake kiwe na komeo la ndani. Asiwekwe kulala sebuleni njia ya kila mgeni. Mama, usiwe wa kwanza kumwita mwongo. Namba 116 ni ya simu ya mtoto, hupigwa bure, na binti aliye chini ya miaka 18 aifahamu kama anavyofahamu namba yako. Mwanza liko shirika la WoteSawa linalotetea watoto wafanyakazi wa nyumbani, lililoanzishwa na Angel Benedicto ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi hizo akiwa mdogo. Na kanuni ile ile mwambie binti kwa ajili ya mwanao: hakuna mjomba, fundi, mwalimu wa tuisheni wala rafiki wa dada anayeachwa na mtoto chumbani mlango ukiwa umefungwa, na hakuna siri kati ya mtu mzima na mtoto ambayo mama hapaswi kuijua.

Mwanangu sasa yuko sekondari, mrefu kuliko baba yake. Binti yule sijamwona tena. Mwaka juzi mwanamke mmoja kutoka Katoro alikaa karibu nami ndani ya basi akiwa na mtoto aliyekuwa anakohoa, nikajikuta nimemtazama usoni mpaka akaniuliza kama tunafahamiana.

Kwa mlio Kambarage na mitaa ya jirani, mafunzo yetu yanaendelea, na binti wa dhehebu lolote au dini yoyote anakaribishwa. Aje na mtoto kama hana pa kumwacha. Mdoli wetu amekatika mkono kwa kupigwa mgongoni; mwenye mdoli mwingine nyumbani ambao watoto wameshauchoka, atuletee.